Gari la Kukodi na Mafuta Yasiyo Yake

(Haya ni mazungumzo ya fundi wa magari mbele ya wanakisomo na viongozi wa vikundi vya wakulima. Tumeyaandika kama alivyoyasema, pamoja na maswali aliyoulizwa.)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya magari ya kukodi. Habari za magari ni nyingi na siku ni moja. Kwa hiyo nimechagua jambo moja tu, nalo ni mafuta. Mtu amekodi gari. Amelitia mafuta yasiyo yake. Gari limezimika njiani. Kesho yake mwenye gari anamletea karatasi ya madai. Je, alipe? Na akilipa, alipe kiasi gani?

Najua wako wanaosema moyoni, "Sisi hatuna magari, habari hizo wapelekewe watu wa mjini." Hapana, ndugu zangu. Ninyi ndio mnaokodi hasa. Mavuno yakiwa tayari mnakodi pikapu. Harusi ikija mnakodi haisi. Msiba ukitokea mbali mnachanga usiku uleule na kukodi gari. Na desturi ya huku kwetu ni kwamba mwenye gari anatoa gari, nanyi mnatia mafuta. Pengine anatoa na dereva wake, na hapo mambo ya mafuta anayajua dereva wake. Lakini bei ikiwa kubwa mnasema, "Tupe gari tu, dereva tunaye." Basi hapo ndipo hatari inapoanzia.

PETROLI NA DIZELI

Petroli na dizeli zote mbili hutoka katika mafuta ghafi yanayochimbwa chini ya ardhi na kuchemshwa kiwandani. Ni watoto wa mama mmoja, lakini tabia zao ni mbali mbali. Petroli ni nyepesi. Hugeuka mvuke upesi, na cheche ndogo tu inaiwasha. Dizeli ni nzito zaidi na ina utelezi. Ukipata tone la dizeli vidoleni ukalisugua, utaona linateleza na kubaki. Petroli inakauka upesi na kuacha ngozi kavu.

Injini zake nazo hazifanani. Injini ya petroli ina plagi. Plagi inatoa cheche, na cheche inawasha mafuta. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Yenyewe inaibana hewa kwa nguvu mpaka hewa inakuwa ya moto sana, kisha mafuta yanapulizwa ndani na kuwaka. Mliowahi kujaza upepo baiskeli mnaelewa. Ukipiga pampu kwa muda, chini yake inapata moto. Ndiyo kazi hiyohiyo. Katika injini ya petroli hewa hubanwa mpaka kufikia kama sehemu moja ya kumi. Katika injini ya dizeli hubanwa mpaka sehemu moja ya kumi na sita, na zipo zinazofika ya ishirini. Aliyebuni injini hii ni Mjerumani, jina lake Rudolf Diesel. Injini yake ilifanya kazi vizuri mwaka 1897, na jina la mafuta limetokana na jina lake.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye gharama. Gari la dizeli lina pampu ya kusukuma mafuta, na lina nozeli za kuyapuliza ndani ya injini. Matundu ya nozeli ni madogo kuliko tundu la sindano. Pampu ile haina mtu wa kuipaka oili ndani. Inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita. Ukitia petroli, petroli inauosha ule utelezi. Chuma kinasuguana na chuma. Vumbi la chuma linatoka, linakwenda mpaka kwenye nozeli, na kule linaziba au linakwaruza.

Tena magari ya siku hizi ni maridadi kuliko ya zamani. Tairi la lori hujazwa upepo wa presha ya kama 8 hivi. Katika magari mengi ya dizeli yaliyotengenezwa tangu miaka ya 2000, mafuta husukumwa kwa presha inayozidi 1,000, na mengine hufika 2,000. Chombo cha namna hiyo hakivumilii kukaushwa. Wako madereva wazee watakaokwambia kwamba zamani, katika nchi za baridi kali, watu walitia petroli kidogo ndani ya dizeli ili isigande. Ni kweli walifanya hivyo, kwa injini za wakati ule. Usimwige.

Na je, dizeli ikitiwa kwenye gari la petroli? Gari litatoa moshi, litakohoa, plagi zitachafuka, litazimika. Mara nyingi kazi huwa ni kumwaga tangi, kusafisha njia za mafuta na kusafisha plagi. Ni kosa, ila gharama yake kwa kawaida ni ndogo. Hasara kubwa inakuja pale petroli inapoingia kwenye dizeli. Na kwa bahati mbaya ndivyo inavyotokea mara nyingi, kwa sababu mdomo wa bomba la petroli kwa kawaida ni mwembamba, kama milimita 21, na wa dizeli ni mnene, kama milimita 25. Mnene unakataa kuingia kwenye tangi la gari la petroli. Mwembamba unaingia kwenye tangi la dizeli bila shida yoyote.

SOMA KABLA YA KUJAZA

Ndugu wanakisomo, hapa kisomo chenu kina kazi. Fungua kidirisha cha tangi. Kwenye kifuniko au pembeni yake mara nyingi pameandikwa. Ukiona DIESEL, ni dizeli. Ukiona UNLEADED, ni petroli. Maana yake ni petroli isiyotiwa madini ya risasi, kwa sababu zamani ilikuwa ikitiwa.

Lakini mambo hayaishii hapo. Magari mengi mnayokodi yametumika kwanza Japani, na maandishi yake ni ya Kijapani. Hata mwalimu wetu hapa, pamoja na elimu yake yote, hawezi kuyasoma. Tena Wajapani dizeli wanaiita "keiyu", na tafsiri yake ni mafuta mepesi! Ungeletewa tafsiri hiyo ungesema ni petroli. Basi ukikuta herufi zile, usikisie. Mpigie simu mwenye gari.

Kuna na mtego wa neno "gas". GAS OIL ni dizeli. GASOLINE ni petroli. Ukivuka mpaka kuingia Burundi au Kongo, utakuta lugha ni Kifaransa. Kule "gasoil" ni dizeli, na petroli wanaiita "essence". Rangi nazo zinadanganya. Uingereza bomba la kijani ni la petroli na jeusi ni la dizeli. Marekani mara nyingi bomba la kijani ndilo la dizeli. Kwa hiyo aliyefundishwa rangi peke yake atapotea, na anayesoma neno atafika.

Usiamini sura ya gari. Toyota Hiace zipo za petroli na zipo za dizeli. Toyota Hilux ni vilevile. Kwa nje unaweza kuona zinafanana kama mapacha. Na kusema kwamba gari la jirani ni la namna ile na linatumia dizeli si ushahidi.

Halafu kuna mdomo wetu wenyewe. Watu wengi huku kwetu mafuta yote ya gari wanayaita petroli. Wengine wakifika sheli wanasema tu, "Weka ya elfu hamsini." Mhudumu wa pampu hana uganga. Amechoka, foleni ni ndefu, anachukua bomba lililo karibu. Shuka kwenye gari. Taja jina la mafuta: "Dizeli, lita 20." Tazama neno lililoandikwa kwenye pampu. Kisha dai risiti na uisome palepale kabla hujaondoka. Karatasi ile ndogo inaonyesha aina ya mafuta, lita na bei. Wengi huitupa chini. Baadaye mtaona thamani yake.

YAKISHA KUINGIA

Tuseme yamekwisha kuingia, na mmegundua mkiwa bado pale pale kwenye kituo. Usiwashe gari. Usigeuze hata ufunguo kidogo, kwa sababu katika magari mengi ukigeuza ufunguo tu, pampu ya umeme inaanza kuvuta mafuta. Tieni gari gia huru, mlisukume pembeni kwa mikono. Mafuta mabaya yakiwa bado ndani ya tangi tu, dawa yake ni kulimwaga na kulisafisha. Yakishavutwa mpaka kwenye pampu na nozeli, mnazungumza lugha nyingine ya fedha.

Watu watawashauri. Mmoja atasema, "Subirini, yatajitenga, dizeli itakaa chini." Si kweli. Maji na mafuta hujitenga, lakini petroli na dizeli huchanganyika kabisa, kama chai na maziwa. Mwingine atasema, "Ongezeni dizeli juu, itaimeza petroli." Usikubali, hasa kwa gari ambalo si lako. Wa tatu ataleta mpira wa kuyanyonya kwa mdomo. Huyo mzuieni kabisa. Petroli ikiingia mapafuni inaua. Na mchanganyiko wenye petroli ndani yake unashika moto kama petroli. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota petroli, moto ukalipuka. Walikufa zaidi ya watu 100. Mwaga tangi kwa fundi, mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara.

Jambo la pili ni kumwambia mwenye gari saa ileile. Wapo wanaoficha. Wanamwaga kidogo, wanajaza dizeli, wanarudisha gari jioni kama hakuna kitu. Baada ya siku mbili gari linakufa mikononi mwa mtu mwingine asiye na kosa, na sasa gharama imekua. Mimi nimefungua pampu za namna hiyo. Harufu ya petroli bado imo, na kila mtu anaapa kwa Mungu kwamba hajui.

BARUA YA SHILINGI 5,475,000

Sasa nitawaeleza kisa cha kikundi kimoja cha wakulima 25. Jina lao na la mwenye gari nitayaacha, maana wote ni watu wema na bado wanafanya kazi pamoja.

Walikodi pikapu ya dizeli kupeleka maharage sokoni, kwa shilingi 100,000 kwa siku. Dereva alikuwa wa kikundi, mwenye leseni. Njiani walitia lita 20. Mwanakikundi mmoja alimwambia mhudumu, "Petroli, lita ishirini." Gari lilikwenda kama kilomita tatu, likaanza kugonga, likatoa moshi, likazima. Wakapiga stata mara nyingi. Halikuwaka. Wakamwita mwenye gari, likavutwa mpaka gereji.

Baada ya wiki mbili barua ikaja. Iliandikwa hivi: pampu mpya na nozeli nne, shilingi 3,200,000. Kusafisha tangi, 150,000. Filta, 45,000. Kulivuta gari, 180,000. Siku 14 za gari kukaa bila kazi, 1,400,000. Adhabu ya kuvunja mkataba, 500,000. Jumla shilingi 5,475,000. Gawanyeni kwa watu 25. Kila mmoja shilingi 219,000! Kwa wengine ile ndiyo fedha yote ya maharage.

Kikundi kikagawanyika. Wengine walisema, "Tulipe, tusije tukafungwa." Wengine walisema, "Tusilipe hata senti, gari lake lilikuwa bovu." Pande zote mbili zilikosea.

Kwanza karatasi ya makubaliano ilitafutwa. Ilikuwa kwa katibu, imekunjwa ndani ya daftari la michango. Ukurasa mmoja tu, Kiswahili safi. Mstari wa nne ulisema: "Gari linatumia DIZELI. Mkodi atalipa hasara itakayotokana na kutia mafuta mengine." Chini yake zilikuwapo sahihi mbili za kikundi. Walitia sahihi bila kusoma, nao wote wawili wanajua kusoma. Hapo hoja ya kutolipa kabisa ikafa.

Ila mstari uleule ndio uliowaokoa. Ulisema hasara itakayotokana na kutia mafuta mengine. Haukusema kila kitu ambacho mwenye gari angependa kununua. Na neno adhabu halikuwamo popote katika karatasi.

Nchini kwetu iko Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyoanza mwaka 1961. Kwa maneno mepesi inasema hivi. Mtu aliyepokea mali ya mwingine kwa makubaliano anapaswa kuitunza kama mtu mwenye akili ya kawaida anavyotunza mali yake mwenyewe. Akivunja makubaliano, atalipa hasara iliyotokana na kosa lake kwa njia ya kawaida. Hatalipa hasara ya mbali. Tena hata kama karatasi imetaja kiasi cha adhabu, anayedai anapewa fidia ya haki, nayo haiwezi kuzidi kiasi kilichotajwa. Kinachotajwa katika karatasi ni dari ya nyumba, si sakafu. Na aliyepata hasara naye anatakiwa afanye analoweza kuipunguza. Asiiache ikue.

Basi walikaa mbele ya mtendaji wa kata. Waliitwa mafundi wawili, mmoja wa mwenye gari na mmoja mimi. Tukaanza kuipitia barua, mstari baada ya mstari.

Kuvuta gari: kweli, risiti ipo. Kusafisha tangi na filta: kweli, kazi imefanyika. Tukaja kwenye pampu. Nikauliza, "Pampu ya zamani iko wapi?" Kimya. Kumbe haikuwa imefunguliwa. Ilikuwa bado ndani ya gari, na mpya haijanunuliwa. Zile milioni 3.2 zilikuwa bei aliyoambiwa kwa simu na duka la mjini. Tukaifungua filta ya zamani tukatafuta vumbi la chuma. Hapakuwa na kitu. Tukapeleka pampu na nozeli kupimwa kwenye mashine. Pampu nzima. Nozeli tatu nzima. Moja inavuja. Gharama ya kupima ikawa 80,000, nozeli moja 220,000.

Siku 14 nazo tukazihesabu. Kusafisha na kupima kungechukua siku tatu. Siku 11 zilizobaki gari lilikaa kwa sababu mwenyewe alikuwa akisubiri pampu mpya ambayo haikuhitajika. Kikundi kikakubali siku tatu, shilingi 300,000. Adhabu ikafutwa.

Pigeni hesabu pamoja nami. Kuvuta 180,000. Tangi 150,000. Filta 45,000. Kupima 80,000. Nozeli 220,000. Siku tatu 300,000. Inakuwa shilingi 975,000. Kila mwanakikundi alitoa 39,000. Si fedha kidogo. Lakini 39,000 na 219,000 ni mbingu na ardhi.

Mwenye gari alinung'unika kidogo, kisha akakubali. Na mimi simlaumu sana. Gari lile alilinunua kwa mkopo, na kila siku linapolala mkopo haulali. Aliogopa, akaandika kila kitu alichoogopa. Wapo wanaoandika kwa tamaa, hao pia nimewaona. Utawatofautisha kwa jambo dogo: mwambie akuonyeshe risiti na kifaa cha zamani. Mkweli ataonyesha. Mwenye tamaa atakasirika.

MASWALI

Mama mmoja ameuliza: "Je, kama sisi tulisema dizeli, na mhudumu wa sheli ndiye aliyetia petroli?"

Hapo, mama, kosa ni la kituo, na kituo ndicho kinachopaswa kulipa. Lakini lazima uonyeshe. Risiti peke yake itaonyesha tu kwamba iliuzwa petroli. Haitaonyesha ulisema nini. Ndiyo maana nasema isome palepale. Ukiona imeandikwa petroli na wewe uliomba dizeli, paza sauti kabla gari halijawashwa, mwite msimamizi, na waliokuwa karibu wasikie. Ukiondoka, ukarudi kesho na gari bovu, itakuwa neno lako na neno lake. Na kumbuka kwamba mwenye gari hakufanya makubaliano na sheli. Alifanya na wewe. Anaweza kukudai wewe, nawe ukaenda kudai sheli. Kikundi nilichokisimulia kilikwenda sheli kujaribu. Mhudumu akasema waliomba petroli, na mwanakikundi yule akakiri mbele ya wenzake kwamba ndivyo alivyosema. Basi, walirudi.

Kijana mmoja ameuliza juu ya mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa au maji.

Hilo ni jambo jingine kabisa. Wewe umeomba dizeli, umeuziwa kitu kinachoitwa dizeli, kumbe kimeharibiwa. Huwezi kujua kwa macho. Kama ulijaza kwenye kituo halali na risiti unayo, umefanya kile ambacho mtu mwenye akili ya kawaida angefanya kwa gari lake, na hiyo ndiyo hoja yako mbele ya mwenye gari. Wanaosimamia vituo ni EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Tangu mwaka 2010 mafuta yanayouzwa kwa matumizi ya nchini hutiwa vinasaba, yaani alama isiyoonekana, ili wapimaji wajue kama yamechanganywa. Toeni taarifa haraka, kabla tangi la kituo halijajazwa upya. Lakini ukinunua mafuta ya madumu kando ya barabara kwa sababu ni rahisi, halafu gari la mtu likafa, usinitafute nikutetee.

Ndugu katibu ameuliza kama bima italipa.

Bima ndogo hulipa watu wengine uliowadhuru barabarani. Injini ya gari lenyewe haimo. Bima kubwa ina masharti yake, na mengi yanakataa uharibifu wa injini usiotokana na ajali. Muulizeni mwenye gari kabla, awaonyeshe maandishi. Msilale usingizi kwa sababu mmeambiwa gari lina bima.

Kuna mtu nyuma kule ameuliza iandikwe nini katika karatasi ya makubaliano. Swali zuri. Iandikwe namba ya gari, aina ya mafuta kwa herufi kubwa, mafuta yaliyomo wakati wa kulichukua na yatakayotakiwa wakati wa kulirudisha. Iandikwe ubovu wowote unaojulikana, kwa sababu mwenye gari naye analazimika kukwambia ubovu wa gari lake. Kama taa ya injini inawaka tangu jana, iandikwe inawaka. Na iandikwe kwamba gari likiharibika, pande zote mbili zitachagua fundi, na kifaa chochote kitakachobadilishwa cha zamani kitaonyeshwa. Nakala mbili. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, ndipo sahihi zitiwe. Aliyeandikiwa dereva aisome pia. Kikundi kile sasa kinaandika neno DIZELI au PETROLI kwenye kipande cha plasta na kukibandika juu ya ufunguo. Ni ujanja mdogo, nami nimeuiga gereji kwangu.

Mzee wangu hapa mbele ameuliza swali la mwisho: mafuta yale yaliyomwagwa, lita nyingi namna ile, hayafai hata kwa taa?

Hapana, mzee wangu. Shikamoo, lakini hapana. Watu huyauza kwa bei ya chini wakisema ni mafuta ya taa ya daraja la pili. Yana petroli ndani. Ukiyatia kwenye kibatari au jiko la mchina, mvuke wake unaweza kushika moto na kukulipukia mikononi, na watoto wako karibu. Usinunue, usiuze, usimpe mtu bure. Yatiwe kwenye dumu la chuma lenye mfuniko, mbali na nyumba, mpaka gereji yenye tangi la mafuta machafu iyachukue. Na juu ya dumu andikeni kwa herufi kubwa: MCHANGANYIKO WENYE PETROLI. SI MAFUTA YA TAA.

Naona wingu limefunga upande wa mlimani, na wengine mnatoka mbali.